Nililazwa ndani ya gari ya dharura Mwakitolyo, ikakataa kuwaka. Leo nawataja

Wakuu, salamu kwa wote, mlio kwenye lami na mlio kwenye vumbi kama mimi.

Shule niliishia darasa la nne huko Kishapu, baada ya hapo ni ng'ombe, pamba na mashimo. Mwenye kutaka kusahihisha mwandiko aanze mapema, nafasi ipo huko chini. Ninachoandika nilikiona na kukisikia mwenyewe. Sina cha kupata kwa kuwadanganya, mguu wenyewe haurudi.

Kilichonifanya niandike ni haya maswali yenu ya humu. Kila nikifungua naona mtu anauliza: "Wataalamu, gari yangu stata inapiga ila haiwaki, shida nini?"

Mnajibu betri. Mnajibu plagi. Mnajibu pampu ya mafuta. Yote kweli. Ila kuna shida moja hakuna anayeitaja, na hiyo ndiyo iliyomuua rafiki yangu.

Nitaenda taratibu.

Nilikuwa nachimba Mwakitolyo, kwenye duara la watu wa kwetu kwetu. Kwa asiyejua, duara ni shimo la dhahabu. Unashuka kwa kamba, chini kuna njia zinaenda pembeni kuufuata mwamba, na juu ya kichwa chako kuna magogo tunayaita matimba, yanashikilia udongo usikushukie. Matimba yakiwa mazima unarudi kula. Yakichoka, basi.

Duara letu lilikuwa na sheria moja nzuri. Siku yoyote watu wako chini, lazima juu iwepo gari yenye mafuta, na ufunguo awe nao msimamizi. Mtu akiumia hakuna kuanza kutafuta usafiri. Mwenye gari tulimlipa kwa mgao: tukipandisha mawe, gari nayo ina kiroba chake, kama mchimbaji.

Maduara mengine walituonea wivu kwa sheria hiyo. Kwao mtu akivunjika anabebwa juu ya mlango uliong'olewa.

Sasa majina.

Mwenye gari anaitwa Nkwabi. Noah nyeusi ya zamani. Nkwabi alikuwa na hisa kwenye duara, mtu wa kuongea polepole, kanisani anakaa benchi la mbele. Msimamizi anaitwa Jilala. Huyo ndiye mwenye sauti pale juu, akisema shuka unashuka, akisema panda unapanda. Hao wawili muwashike. Wapo hai, wananenepa.

Marehemu tulimwita Baba Kulwa, kwa ajili ya mapacha wake. Mimi na yeye tulikuwa matingo wa malori ya pamba kabla hatujaingia mashimoni, tumelala juu ya marobota mimi na yule bwana mpaka tukawa ndugu. Mke wake, Mama Kulwa, ananiita shemeji hadi leo. Alikuwa anapika chini ya turubai, hatua chache kutoka gari inapolala. Ugali, dagaa, chai ya rangi.

Kuna jambo inabidi mlijue, la sivyo hamtaelewa mbele.

Pale kwetu mwanamke hasogei mdomo wa duara. Akisogea dhahabu inakimbia. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tulivyofuata, wala sitaki mnicheke. Kulikuwa na jiwe tumelipaka chokaa. Mama Kulwa anaishia hapo, anatua sufuria, sisi tunakifuata chakula. Na gari ilikuwa ndani ya jiwe, upande wetu, ila yeye anaiona vizuri tu kutoka jikoni kwake.

Haya. Siku yenyewe.

Mchana, jua la kupasua kichwa. Tuko chini mimi na Baba Kulwa. Nikasikia mlio kama mtu anavunja kuni kavu kwa goti. Baba Kulwa akasema, "Oyaa." Hilo tu. Kisha giza.

Wenzetu walitufukua, Mungu awabariki, wengine kucha ziling'oka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umesagika, na gogo lilinipiga taya, siwezi kufungua mdomo. Baba Kulwa alibanwa kiunoni. Kwa nje hakuwa na damu. Anaongea kabisa, anauliza kofia yake iko wapi. Kila mtu pale alijua wa kufa ni mimi.

Wakakunja viti vya Noah, wakatulaza juu ya viroba tupu, mimi kushoto, yeye kulia. Jilala akapanda mbele, akachomeka ufunguo.

Stata ikazungusha. Haikuwaka.

Akarudia. Stata inazungusha kwa nguvu zote, injini inakataa.

Akaitwa Rama, fundi wa pikipiki pale machimboni, mtu wa Tabora. Rama simlaumu, na leo namtetea mbele yenu. Alifanya kila ambacho mngemwambia afanye humu.

Betri? Nzima, si stata inazungusha. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia Jilala apige. Cheche hizi hapa. Akainusa ile plagi. "Kavu," akasema. "Moto upo, mafuta hayafiki."

Wakatikisa gari kusikiliza tenki. Mafuta yamo, yanacheza. Akachomoa fyuzi moja moja akaziangalia kwenye jua. Nzima zote.

Akalala chini ya gari akaanza kugonga tenki kwa mpini wa nyundo. Wenye magari mnajua, pampu ikikwama wakati mwingine inashtuka ukiigonga. Tenki lilikuwa chini yangu kabisa. Kila akigonga, mlio unaingia kwenye mfupa. Siwezi kulia, taya limefungana. Machozi tu yanaingia masikioni.

Baba Kulwa akageuka akaniangalia, akasema, "Gari ya Nkwabi imefanana na Nkwabi. Maneno mengi, haendi popote."

Nilitaka kucheka. Hicho ndicho kitu cha mwisho cha maana alichoniambia, wakuu. Utani.

Rama akafyonza petroli kwenye pikipiki, akamimina kidogo kwenye bomba la hewa la injini. "Piga!" Jilala akapiga.

Ikawaka!

Ikanguruma gari yote ikatetemeka. Watu walipiga kelele kama goli limeingia. Jilala akatia gia. Ikafa.

Wakamimina tena. Ikanguruma, ikafa. Tena. Ikafa. Ile petroli ya kumimina ikiisha na yenyewe inaisha. Rama akakaa chini, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akasema, "Pampu imekufa. Sina pampu."

Ndipo wakaamua kusukuma. Rama akapiga kelele: "Jamani hii automatiki, haisukumwi ikawaka!" Nani amsikilize. Mchimbaji akishindwa na akili anatumia kifua. Wakaisukuma kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope, ikashuka mteremko, ikaingia kwenye miiba, ikasimama huko. Sisi tumo ndani tunarushwa. Hapo Baba Kulwa alianza kuguna kwa mara ya kwanza.

Na hapo ndipo Mama Kulwa akavuka jiwe.

Nilimsikia kabla sijamuona. Anakuja anakimbia, kanga imemdondoka begani, anapiga kelele kwa Kiswahili chetu cha huku: "Anainamaga! Nkwabi anainamaga kwanza ndio anawasha! Kila siku namuona! Angalieni hapo chini ya usukani!"

Jilala akatoka kwenye gari akamsimamia mbele. "Mayu, rudi kwenye jiwe." Mayu ni mama, kwa heshima. Mdomoni mwa Jilala siku hiyo haikuwa heshima.

"Jilala, sikiliza, anainamaga..."

"Damu imemwagika hapa na wewe mwanamke unavuka? Unataka tuwafukie na waliobaki? Mtoeni huyu!"

Wanaume wawili wakambeba juu juu. Mume wake yumo ndani ya gari, anamsikia. Akasema tu, "Mwacheni mke wangu," kwa sauti ndogo. Nani alisikia? Mimi.

Alirudishwa chini ya turubai, akaendelea kupiga kelele neno lile lile mpaka sauti ikakatika. Mtu akasema, maskini, amechanganyikiwa.

Wakati wote huo mtu mwingine anampigia Nkwabi. Haipatikani. Nkwabi alikuwa Geita, Kalangalala, amepeleka mzigo wetu kwa mnunuzi. Na huku kwetu mtu akienda kuuza anazima simu, wala si siri. Ukiiacha wazi, ndugu wote wanakumbuka kwamba wanaumwa. Hata mimi nimewahi kuzima.

Najua kuna mtu atauliza, kwanini msingetumia bodaboda? Mkuu, mtu aliyepondeka nyonga unampakiaje kwenye pikipiki? Walijaribu kumkalisha. Alipiga ukelele ambao sitauandika hapa. Kuhusu gari nyingine, siku hiyo zilikuwa mnadani na kwenye karasha huko kunakosagwa mawe. Mwisho alitumwa mtu kwenda karasha, akarudi na pikapu ya duara la jirani. Ikamwaga mawe njiani ili ije haraka, na mimi nawashukuru wale watu, hawakutudai hata jiwe moja.

Ila jua lilikuwa limeshageuka upande.

Kwenye pikapu Baba Kulwa aliendelea kuongea kidogo kidogo. Anaomba maji. Anawataja watoto, Kulwa na Doto, kama anawaita waje kula. Kabla hatujaigusa lami akanyamaza. Nilimshika mkono, nikajua.

Daktari aliniambia alivuja damu kwa ndani. Angefika mapema pengine wangemwahi. Pengine. Hilo neno ndilo ninalolala nalo.

Mimi walinikata mguu chini ya goti.

Naendelea, mnivumilie.

Nkwabi alikuja msibani. Alilia kuliko wote. Alikuja kwa bodaboda, na watu wakamuonea huruma kwamba gari yake ndiyo imeleta balaa. Noah yenyewe ilibaki kule kwenye miiba. Hakuna aliyeigusa. Rama aliogopa kuifungua, alisema gari iliyokataa kubeba mtu sio ya kuchezea. Mwenye gari naye hakuisogelea. Wakati ule sikujiuliza kwa nini mtu anaiacha mali yake porini kuku watagie humo.

Duara lilifungwa. Ili lifunguliwe, ilibidi lisafishwe. Mganga akaletwa. Kondoo mweusi akaletwa. Na kondoo huyo, wakuu, alinunuliwa na Nkwabi. Ni yeye pia aliyesema na gari isafishwe, maana kuna kitu kimeikalia.

Nilikuwa nimetoka hospitali, nikapelekwa nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki, magongo pembeni. Mama Kulwa aliletwa pia, safari hii ndani ya jiwe, kwa sababu mjane naye anapakwa dawa. Alikaa kwenye mkeka.

Vijana wakaitoa gari kwenye miiba kwa kamba. Mganga akaizunguka, akainyunyizia dawa kwa usinga, akapaka damu ya kondoo kwenye matairi. Akamwambia mwenye gari, panda sasa.

Nkwabi akapanda. Akainama kidogo, kama mtu aliyeangusha kitu miguuni. Akanyanyuka, akazungusha ufunguo.

Ikawaka. Mara moja. Hata haikusumbua.

Vigelegele, makofi, Jilala anaruka kama mtoto. Mganga amesimama kifua mbele. Nkwabi akashuka, akaiacha inaunguruma ili kila mtu ashuhudie, akaanza kushikana mikono na watu.

Mama Kulwa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa: "Ameinama."

Jilala akageuka. "Mayu, tulia. Shukuru Mungu."

Mimi nilikuwa nimeona. Watu walipokwenda kwenye nyama nikachukua magongo yangu. Nikaruka ruka mpaka kwenye ile Noah, nikafungua mlango, nikaingiza mkono chini ya usukani, nyuma ya plastiki. Nikapapasa. Waya. Waya. Halafu nikakuta swichi ndogo, kama ya kuwashia taa ya chumbani.

Nikaibonyeza.

Injini ikakohoa mara mbili tatu, ikafa.

Wote wamegeuka. Nikamwita Rama, nikamwambia piga. Akapiga. Stata inazungusha kwa nguvu zote, injini inakataa. Ule ule mlio. Nikabonyeza tena, nikasema piga. Ikawaka.

Rama alikalia matope pale pale akashika kichwa.

Swichi ya siri, wakuu. Inakata umeme wa pampu ya mafuta. Mtu anafunga ili gari isiibiwe, mafundi wa mjini wanazifunga kila siku, sio kitu cha ajabu. Ufunguo unampa mtu yeyote, gari haiendi.

Nikamuuliza Nkwabi mbele ya watu, kwa hili taya langu bovu: "Kiroba cha gari ulikuwa unapokea?"

Alisema: "Jilala alikuwa anazurura nayo. Nikiondoka anaenda nayo kwa wanawake wake, narudi nakuta tenki tupu. Ningefanyaje? Gari ni yangu."

"Si ungesema?"

"Mngenipigia simu."

"Ulizima."

"Nilikuwa nauza mzigo wenu!"

Jilala anaangalia chini. Jilala aliyezurura na gari ya wagonjwa. Jilala aliyeamuru mwanamke wa watu abebwe juu juu alipokuja na jibu mkononi.

Nilidhani watu watamrukia mmoja wao. Nilisubiri. Mzee mmoja wa ukoo wa Nkwabi akajikohoza, akasema, "Jamani, tusiharibu tambiko. Tule nyama, hayo mengine yana kikao chake." Watu wakarudi kwenye nyama. Mganga alidai kondoo amefanya kazi yake, kwani siri si imefichuka?

Kikao hicho sijakiona mpaka leo. Duara lilifunguliwa, mwamba ukatoka mzuri, na mwamba ukitoka mzuri hakuna anayetaka kusikia habari za marehemu. Nilikokwenda kulalamika niliambiwa mtu kufunga gari yake sio kosa. Nkwabi bado ana hisa, Jilala bado anasema shuka, panda. Na Noah ile ile bado inapokea kiroba chake. Waliniambia swichi imetolewa. Sijui. Sina mguu wa kwenda kukagua.

Mama Kulwa alirudi kwao Kishapu na mapacha, analima pamba kwenye shamba la baba yake. Juzi alinipigia. Tuliongea mvua, tukaongea watoto. Kisha akasema:

"Shemeji, siku ile wewe ulikuwa ndani ya gari. Ulinisikia?"

Nikamwambia nilikusikia.

"Nilisema anainamaga?"

"Ulisema. Ulisema mpaka sauti ikakatika."

Halafu akasema, "Basi. Maana huku wananiambia nimeyatunga baada ya msiba."

Ndio nikaamua kuandika, ili kama kuna mtu wa kule Kishapu anasoma humu, ampelekee. Hakutunga. Nilikuwa ndani, nilisikia, na mume wake alisikia.

Mliopo mashimoni, Mwakitolyo, Geita, popote: kama mna gari ya dharura, leo kabla hamjashuka mpeni ufunguo mtu asiyekuwa mwenye gari, tena mwenye gari akiwa hayupo, aiwashe aende nayo mita mia arudi. Msikubali kuoneshwa ufunguo tu. Na mama anayewapikia akisema kitu kuhusu gari, msikilizeni hata akiwa amesimama juu ya duara lenyewe. Dhahabu ikikimbia mtaichimba kwingine.

Mnaofunga hizi swichi, siwakatazi. Ila kama mmeshapokea malipo kwamba gari ni ya watu, basi watu waambiwe swichi iko wapi.

Nimemaliza. Mwenye kujua sheria anieleze kama kweli hakuna kosa hapo. Mwenye kumtetea Nkwabi naye aje, najua ana ndugu humu. Andikeni tu, nitasoma yote. Muda ninao.